Adhama na Kicho: Mambo Makuu Yatutishayo na Kutuvuta



Mwezi huu twapenda kuweka mbele yenu jambo ambalo wengi wetu tumelionja, wala hatukulipatia jina. Mtu aliyesimama pwani wakati wa kusi, mawimbi yakipasuka juu ya miamba, amejua ya kuwa hatari ipo, walakini hakutaka kuondoka. Mtu aliyetoka nje alfajiri, mawingu yakafunguka ghafula, akauona mlima mzima mahali alipodhani pana anga tupu, amenyamaza hata asiweze kumwita mwenziwe. Hofu imo, na furaha imo, na hizo mbili hukaa pamoja bila kugombana. Jambo hilo ni nini? Lafaa nini? Tena, na hilo ndilo swali lililotufanya tuandike somo hili, je, laweza kutudanganya?

Kwanza tutafute neno. Neno uzuri halitoshi. Ua ni zuri, mkeka uliosukwa vema ni mzuri, sura ya mtoto alalaye ni nzuri, lakini hakuna atetemekaye mbele yao. Neno ukubwa halitoshi vile vile. Ghala la mahindi ni kubwa, wala hatusimami kulistaajabia, isipokuwa labda mwaka wa njaa. Kiswahili kinalo neno adhama, lililotoka katika Kiarabu, ndugu wa neno kuadhimisha; maana yake ni ukuu wenye heshima. Tena lipo neno la kale, kicho, litokalo katika kucha, yaani kuogopa kwa heshima. Ndilo jamaa wa mcha Mungu na uchaji. Basi katika somo hili tutasema adhama kwa ule ukuu uonekanao katika kitu chenyewe, na kicho kwa lile linalotokea ndani ya mtu akionapo. Msomaji na azishike tofauti hizo mbili, maana wenye elimu wamebishana juu yake siku nyingi: je, adhama i mlimani, ama i ndani yetu?

Kitabu cha kwanza tukijuacho kilichoandikwa kwa ajili ya jambo hili ni kidogo, cha Kiyunani, nacho hakina mwandishi ajulikanaye kwa hakika. Desturi humwita Longinus. Wataalamu wengi hudhani ya kuwa kiliandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Kilikaa bila kusomwa na wengi hata kikapigwa chapa Basel mwaka 1554. Na mwaka 1674 Mfaransa Boileau akakifasiri, ndipo wasomaji wa Ulaya wakaanza kukishindania. Chasema habari ya kimo cha maneno, yaani jinsi usemi uwezavyo kumwinua asikiaye.

Mwandishi huyo hakupenda maneno yaliyovimba. Kwake uvimbe wa maneno ni kama uvimbe wa mwili, ni dalili ya ugonjwa. Mfano wake mmoja watoka kwa Homer. Odysseus ashuka kuzimu, akutana na roho ya Ajax, ambaye walishindania silaha za Achilles, na Ajax akafa kwa uchungu wa kushindwa. Odysseus amsihi kwa maneno matamu na mengi. Ajax hajibu hata neno moja. Ageuka, aenda zake gizani. Longinus asema ya kuwa kimya kile ni kikuu kupita usemi wo wote. Mfano mwingine ni wa ajabu zaidi, maana mwalimu huyu wa usemi wa Kiyunani amsifu mtoa sheria wa Wayahudi kwa jinsi alivyosimulia kuumbwa kwa nuru: amri moja fupi, na tendo likafuata, basi. Hakuna pambo. Na kipimo chake, ambacho tutakihitaji huko mbele, ndicho hiki: usemi wenye adhama ya kweli husomwa tena na tena, nao kila mara humwachia mtu mengi ya kufikiri kuliko yale yaliyotamkwa, usemi wa adhama ya uongo hupungua kila urudiwapo.

Sisi tusomao Kiswahili tunao mfano wetu wa kuujaribia kipimo hicho. Ni shairi refu liitwalo Al-Inkishafi, alilolitunga Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, yapata miaka mia mbili iliyopita. Mshairi huyo, aliye Mwislamu, asema na moyo wake mwenyewe na kuukemea. Auonyesha majumba ya matajiri wa Pate: zamani taa zilikuwa nyingi, vyombo vya kauri vilipangwa katika zidaka, wenye nyumba walitembea kwa maringo wakifuatwa na watu, sasa kuta zimepasuka, wadudu walia kumbini, na katika zidaka wamo makinda ya ndege. Hakuna mlima katika shairi hilo, wala tufani. Lililo kubwa hapo ni wakati. Nasi tukiisha kusoma twasikia kicho, ingawa kitu tulichoonyeshwa ni kidogo sana, kidaka kisicho na sahani. Wasomaji wetu walio karibu na Lamu huenda wamekwisha kuyaona magofu yenyewe. Wasio karibu na wasome tu, halipungui.

Sasa tuitazame ile hofu. Mwaka 1757 Edmund Burke, mtu wa Ireland aliyezaliwa Dublin mwaka 1729, alitoa kitabu kilichotenga uzuri na adhama kama mtu atengavyo kondoo na mbuzi. Uzuri, asema, ni wa vitu vidogo, laini, vyororo, tunavyovipenda. Adhama ni ya vitu vikubwa, vyenye nguvu, vyenye giza, navyo asili yake ni hofu. Lakini hofu hiyo haina budi kuwa na umbali kidogo. Simba akiwa kitandani mwako hakupi furaha yo yote. Sauti yake ikitoka ng'ambo ya bonde, nawe u ndani, mlango umefungwa, ni jambo jingine. Burke alifundisha pia ya kuwa kisichoonekana vizuri hutisha kuliko kionekanacho. Kwa ushuhuda alichukua sura ya 4 ya Kitabu cha Ayubu, pale Elifazi asimuliapo ndoto zake za usiku: kitu kilipita mbele ya uso wake, nywele zikamsimama, kikasimama mbele yake wala hakuweza kulitambua umbo lake. Kama angalieleza umbo lile, pembe ngapi na macho mangapi, tungalicheka pengine.

Burke ni mwalimu mzuri, lakini alikaa nyumbani. Hatuna budi kuuliza mambo hayo yakoje kwa mtu aliye katika hatari yenyewe, asiye na mlango wa kufunga. Historia ya Kilimanjaro yatupa jibu, nayo yahusu watu ambao majina yao yamo katika habari za kanisa.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, katika nchi ya Württemberg, akasoma Basel, akatumwa Afrika ya Mashariki na chama cha misioni cha Waingereza. Mwaka 1848 alitoka Rabai kwenda bara pamoja na watu wachache, akiwa na mwavuli mkononi. Tarehe 11 Mei, yapata saa nne ya asubuhi, aliona juu ya mlima kitu cheupe. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake, naye hakuwa na jina la kitu kile ila baridi. Ndipo Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji, kitu alichokijua tangu utoto wake, karibu na mstari wa ikweta. Akaketi akasoma Zaburi ya 111, akaandika katika shajara yake ya kwamba mstari wa 6 ulisema wazi yale ambayo yeye asubuhi ile aliyasikia moyoni kwa udhaifu tu. Tazameni: kicho kilitangulia, maneno yakafuata.

Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1849, mwanachuoni mmoja wa London, William Desborough Cooley, aliyekuwa akiandika juu ya bara ya Afrika bila kuikanyaga, alizikana kwa ukali. Haikuwa mpaka Baron Carl Claus von der Decken alipokuja mwaka 1861, akapanda tena mwaka 1862 kupita meta 4,000 na theluji ikamwangukia, ndipo ubishi ukaanza kuisha. Rebmann alikufa mwaka 1876, akiwa kipofu.

Lakini shajara ile ile ina habari nyingine, ambayo aghalabu haisimuliwi. Rebmann alisikia ya kuwa zamani mfalme mmoja wa Machame alituma kundi la watu wapande kukichunguza kile cheupe. Alirudi mmoja tu, na mikono yake na miguu yake ilikuwa imeharibika. Basi Wachagga walikuwa wameuliza swali la Rebmann kabla ya Rebmann, nao walilipa bei yake. Neno baridi alilolisema kiongozi halikuwa neno la mtu asiyejua. Lilikuwa ni jumla ya hesabu.

Twaitaja habari hii kwa sababu ya Immanuel Kant, mkuu wa wote walioandika juu ya adhama. Alizaliwa mwaka 1724 Königsberg, mtoto wa mtengeneza hatamu, akalelewa na wazazi Walutheri wenye bidii ya dini. Hakusafiri mbali na mji wake maisha yake yote, wala hakuwahi kufika Alpi. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 amtaja mkulima mmoja wa Savoy, mtu mwema na mwenye akili, asema, ambaye aliwaita wapumbavu wote wapendao milima ya barafu. Kant aona ya kuwa mtu ambaye moyo wake haujafundishwa huona mambo ya kutisha tu mahali ambapo mwenye malezi huona adhama. Hapo twasita. Mkulima yule aliwazika jirani zake waliofunikwa na theluji, au aliwajua waliowazika. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo, tarehe 6 Oktoba, mtu wa Pangani aitwaye Mwini Amani alibaki katika kambi ya juu akiwangojea, mtu wa pwani, katika baridi ambayo mwili wake haukuizoea. Mwenye viatu vya misumari na mavazi mazito aweza kuustaajabia mlima. Mwenye nguo moja yampasa kwanza kuishi mpaka asubuhi. Kukosa nafasi ya kustaajabu si kukosa moyo wa kustaajabu. Msomaji na alikumbuke hilo asikiapo mtu akisema ya kwamba wenyeji wa mahali fulani hawauoni uzuri wa nchi yao.

Walakini fundisho lenyewe la Kant ni la thamani, nasi hatupendi kulitupa kwa ajili ya mkulima wa Savoy. Asema hivi, kwa maneno yetu: mbele ya bahari iliyochafuka mtu ajiona kuwa si kitu. Mwili wake ni kama kijiti. Lakini pale pale agundua ndani yake kitu ambacho bahari haina uwezo juu yake. Bahari yaweza kuzamisha jahazi pamoja na nahodha. Haiwezi kumlazimisha nahodha awaibie abiria wake. Kwa hiyo Kant asema ya kuwa adhama, tukisema kwa usahihi, haimo baharini wala mlimani. Imo katika wito ule wa haki uliowekwa ndani ya mwanadamu, nayo bahari ndiyo imwamshaye aukumbuke. Tena atenga aina mbili za mnyenyekeo mbele za Mungu. Yuko ajikunjaye kwa woga kwa sababu ameona nguvu, na huyo hawezi kuiona adhama, kama vile mtu akimbiaye moto asivyoweza kuutazama. Na yuko asimamaye kwa dhamiri safi, naye huyo peke yake aweza kustaajabu. Kwa mtu wa zamani zile, asiyeuona mlima mrefu kwa macho yake, ni ufahamu mkubwa.

Katika picha zilizochorwa jambo hili halionekani mahali po pote kwa uwazi kuliko katika kazi ya Caspar David Friedrich. Huyu alizaliwa mwaka 1774 Greifswald, pwani ya bahari ya Baltiki, katika nyumba ya Kilutheri. Mwaka 1787, alipokuwa mtoto wa miaka 13, barafu ilivunjika naye akatumbukia majini. Ndugu yake akamwokoa, akazama mwenyewe mbele ya macho yake. Hatutaki kusema ya kuwa picha zake zote zatoka katika siku ile. Lakini mtu akiisha kuijua habari hiyo hawezi kuisahau azitazamapo bahari zake.

Picha tunayoitaja huitwa Mtawa Kando ya Bahari, aliichora kati ya mwaka 1808 na 1810, nayo imo Berlin katika Alte Nationalgalerie. Si kubwa, upana wake haufiki meta 2. Chini pana mchanga mweupe, kisha ukanda mwembamba wa bahari nyeusi, na sehemu yote iliyobaki, iliyo kubwa mno, ni anga na ukungu. Juu ya mchanga asimama mtu mmoja mdogo kama kidole, amevaa nguo nyeusi, ametupa mgongo. Hakuna kingine. Wataalamu walipoichunguza kwa mianga isiyoonekana kwa macho walikuta ya kuwa mchoraji kwanza aliweka merikebu baharini, kisha akaziondoa. Angeziacha, jicho letu lingepata mahali pa kupumzika. Alizifuta, nasi twalazimika kusimama alipo yule mtawa. Lakini angalieni tena: mtu yule amesimama. Ni mdogo, yu peke yake, anga lamlemea pande zote, naye hakupiga magoti wala hakulala kifudifudi. Huenda mkono wake umeshika kidevu, afikiri.

Mpaka hapa tumesema juu ya mambo yasiyotutaka kitu. Mlima hautafuti wafuasi, na magofu ya Pate hayaombi kura. Lakini ikiwa giza, na ukubwa, na umbali, na kimya ndivyo viamshavyo kicho, basi mtu mwerevu aweza kuvipanga kwa makusudi, kama mpishi achanganyavyo viungo. Na jambo hilo lilifanyika katika nchi ile ile ya Kant na Friedrich.

Mji wa Nürnberg ulipokea Matengenezo ya Kanisa mwaka 1525, na tangu hapo ulihesabiwa kuwa nguzo ya Walutheri. Katika mji huo chama cha Hitler kilifanya mkutano mkuu wake kila mwaka, mwezi wa Septemba. Tangu mwaka 1934 mpaka 1938 mjenzi wa majengo Albert Speer alipanga kuuzunguka uwanja, usiku, taa kubwa za kutafutia ndege za vita, zaidi ya 100, zote zimeelekezwa juu. Miali yake ikasimama kama nguzo, ikapanda juu sana hata ikayeyuka katika mawingu. Ndani ya nguzo hizo maelfu na maelfu ya watu walisimama gizani kwa kimya. Watu waliliita kanisa kuu la nuru. Hata wageni waliokuja bila upendo kwa chama kile walikiri ya kwamba walitetemeka.

Tusijifariji kwa kusema ya kuwa kicho chao hakikuwa cha kweli. Kilikuwa cha kweli. Machozi yalikuwa machozi. Vyote alivyoviorodhesha Burke vilikuwapo: ukubwa, giza, nguvu, mwanga wa ghafula. Kilichokosekana ni kile alichokitaja Kant, yaani mtu kusimama na dhamiri yake. Uwanja ule ulijengwa ili mtu mmoja mmoja asionekane tena, hata machoni pake mwenyewe. Katika picha ya Friedrich yuko mtu mmoja na anga lote, naye anga haliwezi kummeza. Nürnberg walikuwapo watu mia elfu, na wote walimezwa.

Wako waliolitambua mapema. Tarehe 1 Februari 1933, siku mbili tu baada ya Hitler kupewa serikali, mchungaji kijana wa Kilutheri, Dietrich Bonhoeffer, alinena katika redio ya Berlin juu ya kiongozi akubaliye kufanywa sanamu na wamfuatao. Matangazo yakakatwa kabla hajamaliza. Alinyongwa Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Speer naye alihukumiwa mwaka 1946, katika Nürnberg ile ile, kifungo cha miaka 20.

Je, sisi tuna kipimo gani? Kicho chatuambia ya kuwa tumekutana na kitu kilicho kikubwa kuliko sisi. Hakituambii kama kitu hicho chastahili kutiiwa. Ni shahidi mwaminifu, lakini si hakimu. Na hapo twamrudia Longinus na kipimo chake cha kurudia. Usemi wa Nürnberg ukisomwa leo mezani, bila taa, bila ngoma, bila usiku, hautoi hata wazo moja la kutafuna. Sura ya 4 ya Ayubu ikisomwa jikoni mchana, mtoto akilia na sufuria ikichemka, bado nywele zasimama. Kipimo hicho hakina gharama, nacho chaweza kutumika hata kwetu. Siku hizi mikutano mingi ya dini na ya siasa hufanywa kwa taa za rangi na vipaza sauti ambavyo huitikisa mifupa ya kifua. Hatusemi kila mkutano wa namna hiyo ni mbaya. Twasema mtu aende nyumbani, alale, kesho yake aandike katika karatasi yale aliyoambiwa, kisha atazame ni mistari mingapi.

Rudolf Otto, mwalimu wa Kilutheri wa Marburg, alitoa kitabu juu ya utakatifu mwaka 1917, vita vikiendelea. Alikuwa amesafiri mwaka 1911 mpaka Mogador, katika Moroko, na katika sinagogi dogo, chafu, lenye giza, alisikia ghafula wimbo wa maserafi wa sura ya 6 ya Isaya ukiimbwa kwa Kiebrania, naye akashikwa na kicho. Angalieni mahali palivyokuwa. Hapakuwa na nguzo za nuru. Otto afundisha ya kuwa mbele ya utakatifu mtu husukumwa nyuma na kuvutwa mbele kwa wakati mmoja. Adhama ya mlima au ya wimbo ni jamaa wa jambo hilo, nayo yaweza kulifananisha na kuliitia, lakini jamaa si mtu mwenyewe. Hapo yeye na Kant wanaachana: Kant asema kicho chatuonyesha ukuu uliomo ndani yetu, Otto asema chatuonyesha Mwingine. Sisi twaegemea upande wa Otto, ila twapenda ashike mkono mmoja wa Kant, yaani ile habari ya kusimama.

Maana ndivyo Maandiko yafanyavyo. Katika sura ya 38 ya Ayubu Mungu anena katika tufani, na kwa sura nne amwonyesha Ayubu misingi ya nchi, malango ya bahari, nyota, farasi wa vita, na mnyama wa kilindini asiyeweza kuvuliwa kwa ndoana. Hatujui mahali pengine katika vitabu vyote tulivyosoma ambapo adhama imelundikwa hivi. Lakini kabla ya kumwonyesha lo lote, amwagiza afunge kiuno kama mwanamume, kwa kuwa ataulizwa naye atajibu. Na mwisho wa kitabu walaumiwa rafiki zake, waliosema maneno ya heshima sana; Ayubu aliyebishana ndiye asifiwaye kuwa alinena yaliyo sawa.

Tena katika 1 Wafalme 19 Eliya yu Horebu. Upepo wapasua miamba, tetemeko laja, moto waja. Vyote vitatu ni vya orodha ya Burke, na mwandishi asema mara tatu ya kuwa Bwana hakuwamo. Kisha sauti ndogo, ya utulivu. Hapo ndipo Eliya afunikapo uso wake kwa vazi lake, si kwa tetemeko. Lakini atoka, asimama mlangoni mwa pango, na sauti yamwuliza afanya nini pale. Hapewi maono mengine. Apewa safari ya kwenda jangwa la Dameski, na majina ya watu watatu. Akaondoka, akamkuta wa tatu shambani akilima, jozi kumi na mbili za ng'ombe mbele yake, naye mwenyewe akienda na ile ya kumi na mbili.